Mwewe Njiti

Mama ndiye aliyemwona kwanza. Nilikuwa nimeinama ninamwosha miguu kwenye beseni, asubuhi, nje ya nyumba yake pale Chilangala, akanigonga begani kwa vidole viwili kama mtu anayebisha hodi.

"Tazama kule juu. Kuna mwewe njiti."

Sikutazama. Nilikuwa nimeshajizoeza kutotazama kila alichonionyesha, maana alionyesha kutwa nzima: nzi, ufa wa ukutani, mpita njia ambaye alitaka nimwambie ni mtoto wa nani. Nikaendelea kusugua kisigino. Akanigonga tena.

"Mwalimu mzima, unaogopa kuinua shingo?"

Nikainua. Nyuma ya jiko kulikuwa na mkaratusi mkubwa alioupanda marehemu baba, na kwenye tawi lake la chini alikaa ndege wa kijivu, mdogo kuliko njiwa, wima kama askari wa zamu. Alikuwa na sura yote ya mwewe, mdomo wa kupinda, macho ya njano yenye hasira, kifua cha mistari, ila ni kana kwamba mtu amemfua kwa maji ya moto akasinyaa. Chini ya mguu wake alibana chiriku. Alikuwa akimnyonyoa bila haraka, na manyoya yalishuka taratibu mpaka kwenye nguo nilizoanika.

"Ni kipanga," nikasema. "Wapo wa aina hiyo ndogo. Ndio ukubwa wake, hajapungukiwa kitu."

"Njiti," akasema Mama. "Kazaliwa kabla ya siku zake."

Nikachukua beseni nikaenda kumwagia mchicha yale maji. Maji hatukuwa tukiyatupa.

Nieleze kwanza nilifikaje pale. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Masasi, na karibu maisha yangu yote ya kazi nilifundisha darasa la kwanza. Aliyewahi kufundisha darasa la kwanza anajua uchovu wake unakaa wapi. Nilipostaafu, mimi na mume wangu tulikuwa na mipango midogo tu: yeye aendelee na duka lake la vipuri vya pikipiki, mimi nifuge kuku wachache na niwe ninalala mchana. Basi. Sikutaka kwenda Makka wala Dar es Salaam. Nilitaka kulala mchana.

Kisha Mama akateleza kisimani. Huku juu, Newala, maji ni ya shida tangu enzi, kwa hiyo nyumba nyingi zina kisima cha kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati. Mama aliinama kuchota, udongo ulikuwa umelowa, akaanguka akavunjika nyonga. Hospitali walituambia kwamba umri wake hauwezi kuvumilia upasuaji. Tukakaa naye wodini mpaka maumivu yalipopungua, tukamrudisha nyumbani. Nilimwambia mume wangu nitakaa mwezi mmoja, nikatia kanga zangu kwenye mfuko. Mwezi ule ukazaa mwezi mwingine. Mikorosho ikachanua, ikazaa, tukaokota, ikachanua tena, na mimi bado nipo.

Watu waliniuliza kwa nini sikumchukua tukaishi wote Masasi. Nilimwomba, tena mbele ya wazee wa ukoo. Alikataa. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wana heshima yao. Hawakai mkeka mmoja, wala mkwe hamwoni mama mkwe wake amelala. "Sasa mimi nikaoshwe na kugeuzwa kama mtoto mchanga nyumbani kwa mkwe wangu?" alisema. "Bora mnizike." Na nilijua hasemi kwa mchezo. Watoto wangu wako mbali, wanahangaika na maisha yao, wanapiga simu Jumapili. Kwa hiyo nikawa mimi.

Kazi yenyewe haichukui maneno mengi kuisimulia. Kumgeuza asipate vidonda vya kulala. Kumsafisha. Kufua. Kusubiri kijana wa bodaboda alete madumu ya maji kutoka mjini, siku ambazo bomba la mjini limetoa. Kupalilia, kuokota korosho, kupukuchua mbaazi, kupika. Kumgeuza tena. Jioni mume wangu alipiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula."

Halafu kila mmoja alisikiliza pumzi ya mwenzake kidogo, tukaagana. Zamani tulikuwa watu wa maneno mengi.

Kilichonimaliza nguvu kabisa ni pale Mama alipoacha kula. Hakuwa na homa, hakuwa na kidonda mdomoni. Mhudumu wa zahanati alikuja akampima, akasema nimpe vitu laini, kidogo kidogo. Nikapika uji wa ulezi, nikapika uji wa karanga, nikaponda papai, nikamchemshia supu ya jogoo. Alifumba mdomo kama watoto wangu wa darasa la kwanza siku ya dawa za minyoo. "Nimechoka kumeza," aliniambia, kwa upole, kana kwamba ananieleza jambo linalomhusu mtu mwingine. Mwili wake ukawa mwepesi mikononi mwangu, na wepesi ule haukunifurahisha hata kama mgongo wangu uliushukuru.

Hapo ndipo yule kipanga aliponiongezea kazi.

Kwa kuwa alikuwa amelala chali sehemu kubwa ya siku, kitanda kikitazama dirisha, Mama aliona vitu nisivyoviona mimi niliyekuwa nimeinama siku zote. Aligundua kwamba wapo wawili. Aligundua kwamba jike ni mkubwa kuliko dume, na mgongo wake una rangi ya kahawia kidogo, na kwamba juu, kwenye panda ya mkaratusi, kuna kiota cha vijiti kisichozidi ukubwa wa kikapu cha mayai. Jike halitoki. Linaatamia. Dume ndilo linalowinda, linakuja na shomoro au chiriku, mara nyingine mjusi, linamnyonyoa kwenye tawi lile lile, kisha linaita, kik-kik-kik-kik, sauti nyembamba ya haraka, na jike linashuka kupokea.

"Nitoe nje," Mama akaanza kusema kila asubuhi, si siku za kuoshwa tu.

Kumtoa nje haikuwa jambo dogo. Nilimwinua kwa kumshika chini ya makwapa kama nesi alivyonifundisha, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki, nikakiburuta kiti kuvuka kizingiti huku yeye akiguna kwa maumivu na mimi nikiguna kwa uzito. Kisha mto nyuma ya mgongo, mto mwingine chini ya nyonga, kanga mabegani. Nikimaliza jasho limenitoka na siku ndiyo kwanza inaanza.

Asubuhi moja nikamletea uji pale nje. Nikasogeza kijiko. Akageuza uso.

"Ngoja kwanza," akasema.

"Ningoje nini?"

"Baba mwenye nyumba hajaleta. Mwenzangu pale juu bado hajala. Mimi nitangulieje?"

Nilidhani anatania. Nikangoja, kijiko mkononi. Baada ya muda kipanga akaja kwa kasi, chini chini, akipenya katikati ya mikorosho kama jiwe lililotoka kwenye manati, akatua na kitu mguuni. Akaita. Jike likashuka, likapokea, likarudi juu.

"Bismillahi," akasema Mama, akafungua mdomo.

Alikula nusu bakuli. Nilitaka kupiga vigelegele, ila sikuwa na pumzi.

Tangu siku ile ikawa ndiyo sheria. Dume likileta, Mama anakula. Likichelewa, uji unapoa, naupasha tena, unapoa tena. Kuni zilikwisha kwa ajili ya ndege. Nilijikuta nimesimama uani na bakuli, naukodolea macho mkaratusi, namwombea kipanga riziki kwa bidii ambayo sikuwahi kuitumia kuiombea nyumba yangu mwenyewe. Nikimwona shomoro anarukaruka ovyo kwenye uzio, nilikuwa namtazama kwa jicho baya. Mume wangu aliponipigia nikamweleza.

"Kwa hiyo mkwe wangu anakula?" akauliza.

"Ndege akipata, anakula."

"Basi mshukuru huyo ndege," akasema, na kwa mara ya kwanza katika siku nyingi nilisikia anatabasamu kwenye simu.

Mtu ambaye hakumshukuru ni jirani yetu. Alikuwa rika langu, tulicheza naye utotoni, na kwa desturi ya kwetu aliniita kwa jina la mwanangu wa kwanza nami nilimwita kwa jina la mwanawe; majina hayo nayaacha. Kijana wake anayefanya kazi Dar es Salaam alikuwa amemjengea nyumba mpya ng'ambo ya njia, ya bati la rangi na madirisha ya aluminiamu yenye vioo vyeusi. Nyumba nzuri. Bati lake pana lilijaza kisima chake, na mara nyingi kilipokauka chetu alituruhusu kuchota bila maneno.

Alikuja asubuhi, kanga kiunoni, uso umekunjamana.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, binti yangu," akajibu Mama. "Karibu kiti."

Hakukaa. "Nimekuja kuhusu huyu mwewe wenu. Vifaranga vyangu vinaisha. Jana viwili, juzi kimoja. Nimeshaongea na kijana mmoja aje na panga apande huo mti, kiota kishuke."

Mimi nilikuwa nakamua matambara. Mama akajinyoosha kitini, nikaona mishipa ya shingo imesimama.

"Mti huo marehemu mume wangu aliupanda kwa jembe," akasema. "Wewe unataka kuupanda kwa panga?"

"Bibi, sina ugomvi na marehemu. Nina ugomvi na mwizi."

"Umemwona akiiba?"

"Mwewe anaonwa? Unasikia kuku analia, unatoka, hayupo."

Wote wawili wakanigeukia mimi, kama vile mimi ndiye hakimu. Nitasema kweli, sikuwa na upande. Nilikuwa nimechoka mno kuwa na upande. Sehemu yangu moja ilisema kiota kishuke tu, nisiburute kiti tena kuvuka kile kizingiti. Lakini kiota kikishuka Mama hatakula, na Mama asipokula nitafanya nini?

"Subiri makinda waruke," nikamwambia jirani. "Wakisharuka, wataondoka wenyewe. Nakuomba."

"Na vifaranga vyangu navyo visubiri?" akasema, akaondoka bila kuaga.

Zile siku zilizofuata hakunisalimu ng'ambo ya njia, na mimi nikaona haya kwenda kuchota maji kwake. Nikarudi kumtegemea kijana wa bodaboda, ambaye siku nyingine alikuja na siku nyingine simu yake haikupatikana. Nilioga kwa kikombe. Mayai yalikuwa yameshaanguliwa kule juu. Tulisikia makinda wakilia, sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta, na dume likawa halipumziki. Mama alimhurumia. "Angalia alivyokonda," alisema. Mimi sikuona kilichokonda. Ila nilikuwa nimejifunza kumtambua anavyokaa sekunde chache tu baada ya kukabidhi chakula, anapangusa mdomo wake kwenye tawi, upande huu na upande ule, na kuondoka tena.

Kisha ikafika asubuhi ambayo hakuja.

Uji ulipoa, nikaupasha. Ukapoa tena. Juu jike liliita, kik-kik-kik, likanyamaza, likaita. Jua likahama, nikahamisha kiti cha Mama kivulini, nikamrudishia mto uliokuwa umeteleza. Adhuhuri ikapita. Makinda wakaanza kulia wote pamoja.

"Mama, kula kidogo."

"Bado."

"Mama, yule ndege hana mkataba na sisi! Hatujaandikiana naye chochote! Kula!"

Akafumba mdomo. Hakuufumba kwa ukaidi; aliufumba kama mtu aliye kwenye foleni, anayeona aibu kumpita wa mbele yake. Nikaketi chini, pale pale kwenye majani makavu ya mkorosho, bakuli mapajani, nikalia. Sikulia kwa sauti. Machozi yalitoka tu kama yanavyotoka maji kwenye dumu lililotoboka, na mimi niliyaacha yatoke kwa sababu kuyafuta nako kulikuwa kazi. Mama alinitazama tu.

Nikamwona jirani amesimama kwenye pembe ya jiko. Alinipungia mkono niende kule aliko, Mama asione. Nikajifuta uso, nikaenda. Kwenye ncha ya kanga yake alikuwa amefunga kitu.

"Nimemkuta chini ya dirisha la sebule," alininong'oneza. "Asubuhi nilisikia kishindo, nikadhani watoto wamerusha jiwe. Nikatoka kuwakemea, sikuona mtu. Sasa hivi ndiyo nafagia ule upande."

Akaifungua kanga. Alikuwa ni dume letu. Shingo ilikuwa imelegea, jicho moja halikufumba vizuri. Nikampokea. Uzito wake ulikuwa kama wa yai la kuku na kitu kidogo juu yake. Kwa karibu niliona doa jeupe mkiani ambalo kutoka chini sikuwahi kuliona, na miguu mirefu ya njano, miembamba, yenye kucha nyeusi kama miiba ya mchongoma.

Jirani hakuacha kumtazama.

"Huyu ndiye niliyemwita mwizi," akasema. "Vifaranga vyangu vilivyopotea vilishaanza kuota mabawa. Angebebaje hata kimoja? Si wangeanguka wote wawili?"

"Alikuwa anafukuza shomoro, nadhani."

"Na kioo hakukiona?"

"Vioo vyako vinaonyesha mbingu," nikasema. "Nimeviona mwenyewe. Mawingu yote yako mle."

Aligeuka akavitazama vile vioo ng'ambo ya njia, kama anaviona leo. Alikuwa akijivunia madirisha yale, na haki yake. Nikajuta kusema.

"Tusimwambie Bibi," akasema.

"Hajala tangu asubuhi. Anamngoja huyu."

"Ewe Mola wangu."

Tulisimama pale, wanawake wawili wenye wajukuu, kama wanafunzi waliovunja kitu cha mwalimu mkuu. Mwishowe alichukua jembe langu la mkono, akachimba shimo dogo nyuma ya jiko, tukamlaza kipanga, tukafukia. Tulinawa kwa maji kidogo tukarudi uani na nyuso za kawaida.

"Mmeshamzika?" akauliza Mama.

Jirani akanitazama.

"Masikio yangu hayakuvunjika, ni nyonga tu. Amekufaje?"

"Kioo, Bibi," akasema jirani. "Kioo cha dirisha langu. Nisamehe, Bibi. Nilisema maneno mengi."

"Wewe hukumwita aje dirishani," akasema Mama. Akainua macho juu kwenye mkaratusi, kule jike lilikokuwa bado likiita. Kisha akaninyoshea mkono. "Leta huo uji."

"Umepoa, ngoja niupashe."

"Leta hivyo hivyo. Nilikuwa namngoja yeye. Sasa hakuna wa kungojwa."

Akala bakuli lote, baridi, pamoja na ngozi iliyoganda juu yake. Kila kijiko alikimeza kwa taabu, lakini alikimeza. Jirani alinitazama, nami nikamtazama, na sikujua kama nifurahi.

Siku iliyofuata jike lilishinda kiotani likiita. Siku ya baadaye likaacha kuita. Likaondoka. Mama akasema limewakimbia watoto, nikasema sijui, na jioni tukaliona linarudi na mjusi. Halikuwa jepesi kama mumewe, lilikuja kwa kelele za matawi, lakini lilikuja. Kutoka hapo liliwinda lenyewe. Chini ya mti jirani aliokota kinda mmoja, mdogo zaidi, amekufa. Mwingine akabaki.

Nasema jirani aliokota kwa sababu alikuwa sasa anakuja kila asubuhi. Mara ya kwanza alikuja na ndoo ya maji kichwani, akaiweka bila maneno. Mara ya pili alinikuta namwinua Mama, akashika upande mmoja. Hapo ndipo nilipojua ni nini kuinua mtu kwa watu wawili. Hata Mama hakuguna. Vifaranga vya jirani viliendelea kupotea mpaka siku alipomfuma nguchiro akitoka chini ya banda lake, mchana kweupe, na kifaranga mdomoni. Alikuja kunisimulia akicheka na kujipiga paja, kisha akageuka kuutazama mkaratusi.

Wiki zile nilikuwa nimefikia hatua ya kusinzia nikiwa nimesimama. Asubuhi moja nilizinduka, kijiko kikiwa mkononi, na Mama anajilisha mwenyewe kwa vidole, uji unamchuruzika kidevuni. Jirani alikuwa ameketi karibu, anachambua mbaazi, ananitazama.

"Nani anampikia mumeo?" Mama akauliza. Hakuwahi kuuliza tangu nifike.

"Anajipikia."

"Nenda ukalale kwako."

"Na wewe nani atakugeuza?"

"Mimi nipo, dada," akasema jirani. Wala hakuinua uso kutoka kwenye ungo. Nikajua wameshapanga wawili hao, na mimi ndiye nilikuwa wa mwisho kuambiwa.

Nikateremka Masasi kwa basi la asubuhi. Yale majabali ya mjini yalipotokea mbele yetu nilijisikia kama mgeni. Mume wangu alikuwa dukani. Niliingia nyumbani, nyumba ilinuka grisi na upweke, vyombo vyake vilikuwa sahani moja na kikombe kimoja kwenye kichanja. Nikajinyoosha kitandani nipumzike kidogo kabla ya kupika. Nilipofumbua macho ilikuwa kesho yake, na mume wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa chumba, amevaa tayari.

"Nimelala mpaka asubuhi?"

"Nimeona nisikuamshe. Mimi nimelala sebuleni."

Alileta chai na mihogo ya kuchemsha. Tulikula tukitazamana kwa kuibiana. Alikuwa amezeeka. Nadhani na yeye aliona vivyo hivyo.

"Nilidhani hutarudi tena," akasema.

"Nami nilidhani umeshazoea."

"Nimezoea," akasema. "Ndiyo kitu kinachonitisha."

Nikaweka kikombe chini. Maneno haya sikuwa nimeyapanga. "Njoo tukae wote kule juu."

"Kule? Mkwe wangu nitamtazamaje?"

"Hutamtazama. Utachota maji."

Akacheka. Nami nikacheka, mpaka mbavu zikaniuma, kicheko cha watu waliochoka ambacho hakijui pa kuishia. Lakini hakusema ndiyo. Alisema duka, alisema wateja, alisema msimu huu pikipiki ndiyo zinaharibika kwa kubeba korosho. Sikumbembeleza. Nilifua nguo zake zote, nikalala tena mchana na kesho yake pia, kisha nikapanda basi kurudi Newala.

Nilimkuta Mama uani, amefungwa kilemba kipya cha jirani. Hata hakungoja nimsalimu.

"Umechelewa. Karuka."

Walinisimulia kwa kupokezana. Kinda alikaa ukingoni mwa kiota tangu alfajiri, kifua chake kina madoa kama mtu aliyerushiwa tope, anapunga mabawa na kurudi nyuma. Akaruka, akaangukia kwenye mkorosho, akaning'inia kichwa chini. Mama yake alikaa tawini akimtazama, hakusogea.

"Bibi alipiga kelele mpaka wapita njia wakaingia uani," akasema jirani. "Wakadhani kuna msiba."

"Nilikuwa namwambia ashike kwa kucha," akasema Mama. "Na alishika."

Walikaa siku chache kwenye mikorosho ya bondeni, tukisikia sauti zao, kisha hatukuzisikia tena. Mvua za kwanza zilinyesha, na vumbi lote la Newala likatulia. Mama hakuuliza tena juu yao. Alikula anapopewa, siku nyingine vizuri, siku nyingine kwa shida, kama wazee wengine.

Mume wangu alikuja katikati ya mvua hizo, juu ya guta la kukodi la matairi matatu, na godoro lake limefunikwa turubai. Duka alimwachia mdogo wake. Hakuja uani. Kwa heshima alisimama ng'ambo ya njia, akanituma nikamwambie Mama kwamba anasalimia, na Mama akanituma nikamwambie kwamba ameitikia. Jirani alimpa chumba kimoja cha nyumba yake mpya, kule kwenye madirisha, ambayo siku hizi ameyawekea mapazia meupe kwa nje, watu wanamcheka na yeye hajali. Maji ameyachukua mume wangu, na kuni, na shamba. Mama na yeye hawajaonana uso kwa uso mpaka leo, ninapoandika haya, na wanapelekeana salamu kutwa mara nyingi hivi kwamba mimi ndiye ninayechoka kuzibeba.

Sijapona uchovu. Sidhani kama ni kitu cha kupona; mgongo una kumbukumbu yake. Lakini nakumbuka asubuhi ya kwanza baada ya mume wangu kufika. Nilisikia ndoo zikigongana njiani, nikasikia jirani akisema hodi, nikasikia Mama akimkaripia kwa jinsi alivyomfunga kanga. Nikaweka miguu chini niamke. Kisha nikairudisha kitandani, nikajifunika, nikageukia ukutani, nikalala.